Mzigo Uko Ndani ya Kopo, Si Kwenye Boksi

Chukua inhela ya salbutamol, ile ya bluu ambayo kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu inaijua. Chomoa kopo la chuma kutoka kwenye plastiki yake, uliweke kiganjani. Linaenea kwenye ngumi ya mtoto. Humo ndani mna mipulizo 200, na kila mpulizo unatoa mikrogramu 100 za dawa. Ukizidisha unapata miligramu 20, uzito wa punje moja ya mchele. Hiyo ndiyo dawa yote. Kilichobaki karibu chote ni gesi; katika Ventolin, inhela ya kampuni ya Uingereza ya GSK, ni kiasi cha gramu 18. Gesi hiyo haitibu kitu. Kazi yake ni kuisukuma dawa itoke kwa kasi na kupasuka kuwa ukungu mwembamba unaoweza kufika chini kabisa ya mapafu, halafu inapotea hewani.

Inapotea machoni tu. Jina lake ni HFA-134a, ile ile iliyotumika miaka mingi kwenye viyoyozi vya magari. Kilo moja yake ikitoka angani, kwa kipimo cha miaka 100, huipasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana kopo moja la Ventolin, tangu kutengenezwa hadi kutupwa, linahesabiwa kuwa na mzigo wa kilo 28 hivi za hewa ya ukaa. Ni sawa na moshi wa gari la kawaida la petroli kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Na yote hayo ni kwa ajili ya kubeba dawa yenye uzito wa punje ya mchele.

Nimeanza na kopo kwa sababu mazungumzo kuhusu bidhaa za afya zinazojali mazingira mara nyingi huanzia kwenye boksi. Karatasi ya maelezo inapunguzwa, plastiki ya nje inaondolewa, wino unabadilishwa, kisha jani la kijani linachapwa pembeni. Sina ugomvi na boksi jepesi. Lakini GSK walipopiga hesabu ya kampuni nzima, viwanda, usafiri, umeme na malighafi, walikuta karibu nusu ya mzigo wao wote wa hewa ya ukaa unatokana na gesi ya inhela ya Ventolin. Kampuni hiyo inatengeneza chanjo, antibiotiki na dawa za Virusi vya Ukimwi, inauza karibu dunia nzima, na nusu ya deni lake kwa hali ya hewa imo kwenye kopo la bluu linalomalizikia mkononi mwa mgonjwa. Mtu aliyekwisha kujua hivyo, akiendelea kuhangaika na boksi, anafagia uani huku paa linavuja.

Tuliangalie kopo lenyewe lilivyozaliwa, kwa sababu makosa yake yana historia. Mwaka 1955, huko Los Angeles, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Wakati huo wagonjwa walitumia chupa ya kioo yenye mpira wa kubinya kwa mkono, kitu cha kuvunjika, na dozi ilitegemea nguvu ya vidole. Baba huyo alikuwa George Maison, mkuu wa kampuni ya Riker Laboratories. Mwaka uliofuata inhela ya kwanza ikawa sokoni. Gesi walizochagua zilikuwa za jamii ya CFC: hazishiki moto, hazimdhuru anayezivuta, na bei yake ilikuwa ya chini. Kwa maswali waliyojiuliza siku zile, jibu lilikuwa sahihi.

Baadaye ikajulikana kwamba CFC zinalila tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini 1987, na inhela zikapewa msamaha wa muda kwa sababu hakuna serikali iliyokuwa tayari kumnyima mgonjwa pumzi. Miaka ya 1990 ilipofika katikati, inhela za HFA zikaanza kuingia. HFA haigusi ozoni. Swali lililokuwa mezani ni ozoni, wakalijibu vizuri sana, na joto la dunia likabaki bila mtu wa kulisemea. Silitaji jambo hili kuwalaumu wahandisi wale. Nalitaja kwa sababu leo tuko kwenye duru ya pili ya kubadilisha gesi, na hatari ya kujibu swali moja tu ingalipo.

Duru hii ina njia mbili. GSK mwaka 2021 walitangaza kwamba wanaitafutia Ventolin gesi nyingine, wakachagua HFA-152a, na 2024 wakaanza hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa. Wanatarajia mzigo wa kila kopo upungue kwa karibu asilimia 90. Chiesi, kampuni ya Parma, Italia, wameifuata gesi hiyo hiyo. AstraZeneca wao wakashirikiana na Honeywell, watengenezaji wa gesi wa Marekani, na kuchukua HFO-1234ze, ambayo joto lake linakaribiana na la hewa ya ukaa yenyewe. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliidhinisha Trixeo yenye gesi hiyo. Trixeo ni dawa ya ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaowapata zaidi wavuta sigara na watu waliopikia kuni maisha yao yote.

Kwa anayetazama kutoka nje, kubadilisha gesi ni kama kubadilisha mtungi jikoni. Sivyo. Dawa inaelea ndani ya gesi ile au imeyeyuka humo. Gesi ikibadilika, chembe zinaweza kugandana au kuzama. Raba ya valvu inaweza kuvimba au kusinyaa, na hapo mpulizo mmoja unatoa dozi kubwa na unaofuata unatoa ndogo. Ukubwa wa matone ukiongezeka kidogo tu, dawa inaishia kooni. Halafu gesi yenyewe inavutwa na binadamu kila siku, pengine kwa miaka 50, kwa hiyo inapimwa sumu kama dawa mpya. Na HFA-152a inashika moto: kiwanda kinachojaza mamilioni ya makopo lazima kijengwe upya ili cheche moja isiteketeze watu. HFO nayo ina doa lake. Sehemu ndogo yake inapovunjika angani inakuwa asidi inayokaa majini muda mrefu sana, na Ulaya kuna mjadala mkali kuhusu kemikali za jamii hiyo. Kwa kipimo hicho HFA-152a ni safi zaidi, ingawa kwenye joto inazidiwa.

Nikiulizwa ipi ishinde, nasema zote mbili zibaki. Watu wenye pumu wasifungwe kwenye gesi moja inayotoka kwa mtengenezaji mmoja. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya usanifu, sawa na valvu.

Wakati huo huo, kuna jambo ambalo halikuhitaji gesi mpya wala majaribio ya miaka mitano, na kila nikilifikiria linaniuma. Nchini Uingereza kuna inhela nyingine ya salbutamol iitwayo Salamol. Dawa ni ile ile, dozi ni ile ile, mipulizo ni 200 vile vile. Mzigo wake ni kiasi cha kilo 12. Tofauti kubwa ni kwamba kopo lake lina gesi chache zaidi. Zaidi ya nusu ya mzigo ilikuwa inaweza kuondoka kwa mchanganyiko na valvu vilivyofikiriwa vizuri, teknolojia iliyokuwa tayari madukani. Mgonjwa wa kawaida haambiwi achague. Anapewa kopo la bluu, anashukuru, anaondoka.

Kuna na kihesabu. Hapa naomba niongee kama ndugu wa mgonjwa.

Mdogo wangu ana pumu tangu darasa la pili. Kwa miaka mingi makopo aliyonunuliwa hayakuwa na namba yoyote ya kuonyesha mipulizo iliyobaki. Nyumbani tulikuwa na utaratibu wetu: unalitikisa kopo karibu na sikio, ukisikia maji yakicheza unasema ipo. Usiku mmoja kifua kilimbana, akapuliza mara mbili, akasubiri, akapuliza tena, mpaka ikafika sita. Kopo lilitoa sauti yake kama kawaida, ukungu ulionekana, na yeye alizidi kuinua mabega akitafuta hewa. Tulimkimbiza kwa bajaji. Alipokwisha kuwekewa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta, nesi alilichukua lile kopo akaligeuzageuza.

"Hili mmeanza kulitumia lini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Ndipo nesi akatueleza kwamba gesi huendelea kutoka hata baada ya dozi zilizopimwa kwisha, kwa hiyo sauti na ukungu si ushahidi. Mdogo wangu alikuwa anavuta gesi karibu tupu. Tangu siku hiyo naamini kihesabu cha namba mgongoni mwa inhela ni kifaa cha mazingira na cha uhai kwa pamoja. Asiye nacho hufanya moja kati ya mawili: ama analitupa kopo likiwa bado na dawa na gesi, na gesi hiyo itavuja jalalani, ama analitumia limekwisha. Makampuni yanajua kutengeneza vihesabu, na katika baadhi ya nchi makopo mengi huja navyo. Kwenye maduka yetu ya dawa bado utakuta yasiyo nacho, na yana bei nafuu zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayotoka.

Suala la kurudisha makopo matupu nitalipitia haraka. GSK waliendesha mpango wa kuyakusanya Uingereza kuanzia 2011 hadi 2020, wakapata zaidi ya milioni 2. Zikisikika peke yake ni nyingi. Nchi hiyo hutoa makumi ya mamilioni ya inhela kila mwaka. Na gesi nyingi imekwisha kutoka wakati kopo linarudi. Mpango unaomtegemea mgonjwa akumbuke kubeba kopo tupu kurudi famasia, kosa likiwa limefanyika kiwandani, unamtwisha mzigo asiye na uwezo nao.

Wapo wanaosema tuachane na gesi kabisa, tutumie inhela za unga. Sweden wamefanya hivyo kwa sehemu kubwa. Huko makopo ya gesi ni machache, ilhali Uingereza ndiyo mengi zaidi. Inhela ya unga haina gesi, na mtu mzima anayeweza kuvuta kwa nguvu inamfaa sana. Lakini nguvu hiyo ndiyo inayousukuma unga hadi mapafuni. Mtoto wa miaka mitatu hana. Bibi wa miaka 80 mara nyingi hana. Mtu aliyebanwa katikati ya shambulio, midomo imeanza kubadilika rangi, anaweza asiwe nayo. Kopo la gesi lenye spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya kopo na mdomo na kushikilia ukungu, linamfikia kila mmoja wao. Kwa hiyo kopo litaendelea kuwepo, na njia ya haki ni kulisafisha.

Na nikitaja spesa lazima niseme habari ya chupa. Cape Town, Afrika Kusini, Profesa Heather Zar na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1999 ukionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji au soda, ikitobolewa kitakoni tundu la saizi ya mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembezoni, inamsaidia mtoto aliyebanwa sawasawa na spesa ya dukani. Waya wenye umbo la mdomo wa inhela unapashwa moto, unabanwa kwenye kitako cha chupa, plastiki inayeyuka, na inhela inaingizwa kabla haijapoa ili ikae kwa kubana. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, mama anabonyeza kopo, ukungu unajaa ndani, mtoto anapumua polepole. Dawa ambayo ingepiga ulimi na koo sasa inashuka mapafuni, na mpulizo hautoki bure. Kwangu mimi huo ni usanifu unaojali mazingira wa hali ya juu kabisa. Ulianza kwa kumwangalia mtoto na kujiuliza kwa nini dawa haimfikii.

Vivyo hivyo na dawa za kuzuia, zile zinazotuliza uvimbe wa njia za hewa. Mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA uliacha mwaka 2019 kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana wenye pumu, kwa sababu inafungua njia za hewa bila kutuliza uvimbe uliozibana. Mgonjwa anayemaliza kopo la bluu kila mwezi, pumu yake haijatibiwa. Akipata dawa ya kuzuia na akaitumia, analala usiku kucha, na makopo yanapungua yenyewe.

Sasa nije kwenye bei, ambako naona wasanifu wengi huweka kalamu chini mapema. Marekani walipiga marufuku inhela za salbutamol za CFC kuanzia mwisho wa 2008. Kimazingira uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini inhela za CFC zilikuwa na aina za jeneriki, nakala za bei nafuu zinazotengenezwa na makampuni mengine, na zile za HFA zilikuwa chini ya hataza mpya za makampuni makubwa, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuzitengeneza. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba fedha ambayo mgonjwa mwenye bima alitoa mfukoni kwa kila inhela ilipanda kutoka wastani wa dola 13.60 mwaka 2004 hadi dola 25 mara baada ya marufuku. Ozoni ililindwa, na bili ikaenda kwa wenye pumu. Hiyo ni Marekani, kwa watu wenye bima.

Sisi tunaingia kwenye mabadiliko haya kupitia mlango uliofunguliwa jirani. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za HFC, jamii ambayo HFA-134a imo. Nchi tajiri zinatakiwa kupunguza kwa asilimia 85 kufikia 2036. Nyingi za nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika Mashariki, zimeanza kwa kusimamisha ongezeko 2024 na zitapunguza kwa asilimia 80 kufikia 2045. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zake za 2024, umekwenda mbali zaidi na kuondoa msamaha wa inhela. Najivunia kwamba jina la Kigali limo kwenye makubaliano hayo. Lakini tuone yatakavyotufikia. Friji na magari yakiacha HFA-134a, viwanda vinavyoitengeneza vitapungua, na kile kiasi kidogo kinachosafishwa kwa ajili ya dawa kitakosa soko kubwa la kukibeba. Gesi ya zamani inaweza kupanda bei huku kopo jipya likiwa limefungwa na hataza. Mtu wa Tabora au Bujumbura anayetegemea jeneriki kutoka kwa makampuni ya India kama Cipla atajikuta katikati, cha zamani hakishikiki na kipya hakijafika.

Ikumbukwe ni nani anayezungumziwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu ilikuwa na watu milioni 262 na iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati, ambako tatizo ni kwamba hawapati inhela. Bado kuna vituo ambako mgonjwa wa pumu anaondoka na vidonge vya salbutamol. Kwa hiyo sikubali hoja yoyote inayotaka watu wetu wapulize kidogo kwa ajili ya hali ya hewa. Tunahitaji inhela nyingi zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka ziwe safi tangu kiwandani: zikiongezeka kwa gesi ya sasa, mzigo utaongezeka, zikiongezeka kwa gesi mpya, karibu hautaonekana.

Njia ya kufika huko haihitaji kubuniwa. Mwaka 2014 ViiV, kampuni ya dawa za Virusi vya Ukimwi ambayo mwenye hisa nyingi ni GSK, iliikabidhi leseni ya dawa yake ya dolutegravir kwa mfuko wa pamoja wa hataza wa dawa ulioanzishwa 2010 na Unitaid, shirika la kimataifa linalofadhili upatikanaji wa dawa. Makampuni ya jeneriki yakaruhusiwa kuitengeneza kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Leo kidonge chenye dolutegravir ndicho kinachomezwa na wengi wa wanaotumia ARV katika kliniki zetu, kwa bei ambayo miradi ya afya inaimudu. Watu hao hao wa GSK wanajua barua ya namna hiyo inavyoandikwa, na wanajua haikuwafilisi.

Basi leseni ya kopo la HFA-152a iandikwe sasa, na AstraZeneca na Chiesi wafanye hivyo hivyo kwa yao. Leseni hiyo iwe na mchanganyiko, valvu na maelekezo ya kujenga laini ya kujazia isiyolipuka, maana hataza peke yake haimfundishi mtu kujaza gesi inayoshika moto. Nasi upande wetu, Bohari ya Dawa na wenzao wa Kenya, Uganda na Rwanda, waandike kwenye zabuni zao zijazo kwamba kopo lisilo na kihesabu halipokelewi, na kwamba mzabuni aeleze ni gramu ngapi za gesi zimo ndani. Ni mistari miwili tu kwenye karatasi ya zabuni, na mstari wa kwanza ungetosha kutuepusha na safari ile ya usiku kwa bajaji.